Ugali Nilioutupa Vällingby

Nyinyi vijana mnaoshika visu na sufuria katika majiko ya Stockholm, hebu acheni simu kidogo. Nataka mjue jinsi mzee mzima, mpishi aliyekaa jikoni miaka ishirini na saba, alivyosimama mbele ya duka la keki nchini Italia akashindwa kufunga mdomo. Mke wangu alidhani nimepatwa na kiharusi.

"Baba Neema, unasikia vibaya?" akaniuliza, amenishika mkono.

Nilimwonyesha dirisha kwa kidole. Nyuma ya kioo, juu ya karatasi nyeupe, kulikuwa na ugali. Tena si mmoja. Ulikuwepo mkubwa wa kulisha familia na mdogo wa mtu mmoja, wote wa manjano, umepinduliwa ukasimama vizuri, na juu yake wamekaa ndege wadogo wa chokoleti. Mama Neema akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo.

"Bugali ya sukari!" akasema, maana kwetu ugali tunauita bugali. "Mungu wangu. Hawa watu wanaiheshimu mpaka wanaitengenezea keki?"

Yeye alicheka. Mimi nikakaa kwenye ngazi za kanisa lililokuwa karibu, watalii wakanipita wakipiga picha. Kile kitu walichokiweka dirishani kama dhahabu, mimi niliwahi kukisukuma kwenye pipa la taka, mbele ya mama aliyekipika, na neno langu siku hiyo lilimkosesha kazi. Mama huyo yupo hai, anakaa Hallunda, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Stockholm, na tunasali kanisa moja. Nilikaa pale kwenye ngazi nikijua kwamba nikirudi Sweden itabidi nimtazame usoni.

Msinidai nipange mambo kwa mstari. Kichwa cha mpishi kinakimbilia kinachoungua.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Nilifika Sweden na koti la kuazima, nikaanza kuosha vyombo katika mkahawa wa Kiitalia kule Vällingby, pembeni mwa Stockholm, nikapanda mpaka nikawa mpishi mkuu. Mwenye mkahawa alikuwa Mswidi, mtu mwema sana, tumwite Lasse. Ujanani alikwenda Italia likizo ya wiki mbili, akarudi na kofia ya majani na kitabu cha picha. Huyo ndiye aliyenifundisha Uitalia, na mimi nilichofundishwa nilikishika kama maandiko. Krimu kwenye tambi. Krimu kwenye kuku. Polenta, yaani unga wa mahindi wa Waitalia, tuliipika kwa krimu na siagi hadi ikamwagika kama uji wa mtoto mchanga. Pizza iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na ndizi, bizari na karanga, na kwenye menyu iliitwa Afrikana. Mimi Mwafrika niliyelelewa kwenye ndizi nilikuwa sijawahi kuona ndizi juu ya jibini, lakini nilijiambia Waitalia wanajua wanachofanya.

Mama Divine alikuja baada yangu. Ni mama wa Kirundi, mtoto wa Buyenzi pale Bujumbura, mjane mwenye watoto wanne. Aliosha vyombo vyetu miaka tisa, mikono imechanika kwa sabuni. Chakula cha wafanyakazi alikipika yeye, na hata Waswidi walilamba sahani. Basi nafasi ya mpishi ikapatikana, na Lasse akasema, "Mwacheni apike sahani moja. Baba Neema ndiye atakayeamua."

Mama Divine akachagua polenta. Alichemsha maji kwanza. Akamwaga unga kwa kiganja, kidogo kidogo, huku mkono mwingine unakoroga. Akausonga kwa mwiko karibu saa nzima, jasho linamtoka, bila tone la krimu. Alipoupindua juu ya ubao, ulisimama. Wahudumu wakaja kuangalia. Mmoja akasema unanukia vizuri.

Nikauchukua ule ubao, nikakanyaga pedali ya pipa, nikausukuma wote ndani.

"Hapa ni Italia, si Buyenzi," nikamwambia kwa Kiswahili, ili aibu yote iwe yake. "Bugali peleka Hallunda." Kisha nikamgeukia Lasse, nikasema kwa Kiswidi kwamba huyu mama hajui kupika.

Huyu ni mtu aliyepanga foleni ya unga katika kambi ya wakimbizi Tanzania, miaka na miaka, na kikombe mkononi. Hakunitazama mimi. Alitazama pipa. "Chakula, Baba Neema," akasema. Akarudi kwenye sinki akamaliza zamu yake. Mwezi haukuisha akaacha kazi, akaenda kusafisha mabasi, na huko ndiko alikobaki. Ila kila kukiwa na harusi au msiba kanisani, ndiye anayepika ugali. Miaka kumi na minne nimepita mbele ya meza yake na sahani yangu, nikamsalimia kwa heshima, nikachukua wali.

Nilipostaafu, binti yetu Neema alitupa zawadi: siku nane katika milima ya kaskazini ya Italia, karibu na mji wa Bergamo. "Baba, umepika chakula chao maisha yako yote," akaniambia, nusu Kiswidi nusu Kiswahili kama kawaida yake. "Nenda ukakile kwao." Nilivaa tai ndani ya ndege. Nilikwenda na kichwa juu, kama mtu anayekwenda kuchukua cheti chake.

Mchana wa kwanza tu, cheti kikachanika. Tulikaa mkahawani, nikamwambia mhudumu kwa Kiitalia changu cha jikoni kwamba nataka pizza ya ndizi na bizari, na kando yake kabichi ya siki, kama tunavyoitoa na kila pizza huku Sweden. Akadhani hakusikia. Nikarudia. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mpishi, wakasimama watatu wakinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mgonjwa aliyetoroka wodi. Mama Neema anajua Kifaransa, na mpishi naye alikijua kidogo, wakasikilizana.

"Wanauliza kama hiyo ndizi ni ya mtoto," akanitafsiria, "na huyo mtoto yuko wapi."

Nilitamani ardhi inimeze. Mpishi akatuletea alichotaka yeye: vifuko vidogo vya tambi vilivyojazwa nyama, juu siagi iliyoyeyushwa na majani fulani makavu, basi. Niliitafuta krimu kwa ulimi sikuipata. Na vilikuwa vitamu, jamani, vitamu hivyo hivyo, bila kufunikwa na chochote! Nikahesabu moyoni kwamba tambi nilizozizamisha kwenye krimu zingeweza kuizunguka Vällingby.

Ya divai nayo ilinitoa macho. Mnajua sisi tumeokoka, pombe hatugusi. Divai niliipika miaka yote kwa kunusa tu, na niwape siri ya kazi: divai inayonuka vibaya ikiwa kwenye chupa itanuka vibaya zaidi kwenye mchuzi, kwa hiyo msikubali tajiri awaambie ile iliyoharibika ni ya kupikia. Huko Italia tulipelekwa kutembelea ghala la divai kwenye kilima, mizabibu imepangwa kwa mistari mpaka bondeni. Nilitaka kubaki nje na mizabibu. Kijana wa pale akatuonyesha wataalamu wanavyoonja: wanaizungusha kwenye bilauri, wanainusa, wanaiweka kinywani, kisha wanaitema kwenye ndoo.

"Wanaitema?" Mama Neema akashangaa. "Mbele ya watu?"

"Ndiyo, mama. Hivyo ndivyo wanavyofanya."

Akafikiri. "Kama inatemwa, haijanywewa," akaamua, na kabla sijafungua mdomo alishachukua bilauri. Ya kwanza akaitema. Ya pili akaitema. Ya tatu sikusikia kitu kikianguka kwenye ndoo. Nilimgeukia, naye akawa anatazama milima kwa unyenyekevu mkubwa. "Hii ilipita yenyewe," akasema. Mchungaji akiyasoma haya, naomba aelewe kwamba barabara ilikuwa na kona nyingi na mama alikuwa amechoka.

Siku ya pili ndipo tulipopanda mji wa juu kwa kigari kinachovutwa na waya, tukatembea juu ya ukuta wa zamani, tukaingia kanisa ambalo dari yake imejaa dhahabu mpaka shingo inauma. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Halafu tukatokea kwenye lile dirisha la keki, na hapo furaha yangu ikaishia.

Hata hivyo nilibaki na tumaini la kijinga. Nilijiambia keki ni keki, labda ni mapambo tu, huenda nyumbani kwao wanaila kwa krimu kama Lasse alivyosema. Mtu aliyekosea hutafuta mlango hata ukutani.

Tulikuwa tumepanga chumba katika nyumba ya wakulima bondeni. Mwenyeji wetu, Sandro, alifanya kazi Uswisi muda mrefu, kwa hiyo Kifaransa anacho. Mama yake, Bibi Pierina, amepita miaka themanini na bado anakata kuni. Siku ya tano, mchana, Sandro akatuita jikoni. "Leo mama anawapikia chakula cha kwetu."

Juu ya moto ilining'inia sufuria ya shaba, nyeusi nje, inang'aa ndani. Maji yalikuwa yanachemka. Bibi akatia chumvi, akachota unga kwa kiganja, akauachia kidogo kidogo huku mkono mwingine unakoroga kwa mti mrefu. Niliutambua ule mkono. Mama Neema hakuvumilia, akakunja mikono ya gauni, akamwomba bibi ule mti, akaanza kusonga kama yuko kwao Uvira. Bibi Pierina akapiga makofi, akamwita mwanawe aje aone, kisha akamsahihisha jambo moja tu: usikimbilie kuepua. Sisi ugali wetu wa unga laini unaiva upesi. Wa kwao una unga wa chengachenga, unataka karibu saa nzima, mpaka uache ukoko ukutani mwa sufuria na wenyewe ujikusanye katikati. Liandikeni hilo, ni somo lenu la leo.

Kisha bibi akaupindua juu ya ubao wa mviringo. Ukasimama. Akachukua uzi, akaupitisha chini, akaukata vipande vilivyonyooka.

Mchuzi ulikuwa wa nyama nyeusi, laini, iliyopikwa kwa divai tangu asubuhi. Mama Neema alikuwa ameshameza mara mbili alipouliza ni nyama gani, na Sandro akajibu kwamba ni punda. Uma ukaanguka.

"Baba Neema!" akaninong'oneza kwa hofu, kwa Kiswahili chetu cha Uvira. "Punda njo alimbeba Yesu kuingia Yerusalemu!"

"Si huyu," nikamwambia. Lakini sikuwa na nguvu ya utani. Nilikuwa naangalia ubao. Nikamwomba Sandro amuulize mama yake, kwa adabu, krimu wanaitia wakati gani.

Bibi Pierina alisikiliza, akaacha kutafuna. Akatutazama sisi sote, mmoja mmoja, akauliza kitu kwa wasiwasi.

"Anauliza nani mgonjwa," Sandro akasema.

Nikasahau uma. Nilikata tonge kwa vidole, nikalibonyeza, nikachovya mchuzi. Nilipoinua macho nikaona bibi naye ameacha uma wake, anakula kwa vidole, na Sandro akasema kwamba babu yake alikula hivyo hivyo na hakuna aliyemcheka. Walikuwa maskini, akasema, walikula hii asubuhi na jioni. Sasa wanawapikia wageni wanaowaheshimu.

Mama Neema aliniegemea. Ile siku ya pipa nilirudi nyumbani nikijisifu, kwa hiyo anaijua yote. "Baba Neema," akasema taratibu, "hii si njo ile ya Mama Divine?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi utaenda kumwambia."

Siku zilizobaki tulitembezwa. Kulikuwa na ziwa zuri, na kijiji cha mawe, na kanisa lingine. Ukiniuliza ziwa lilikuwa na rangi gani, sijui.

Kwa hiyo wiki ile tuliyorudi nilikwenda Hallunda na mfuko wa unga wa chengachenga kutoka kwa Bibi Pierina. Nilizunguka kituo cha maduka mara tatu, nikaingia hata duka la miwani ambako sikuwa na shida yoyote. Mwishowe nikapanda, nikabonyeza kengele. Mama Divine alifungua, wajukuu wawili wako nyuma yake.

"Ee, Baba Neema! Karibu. Mama Neema mzima?"

"Mzima, anakusalimia." Nikakaa. Kofia nikaishika magotini. "Mama Divine, ile siku ya polenta..."

"Ya bugali," akanirekebisha.

"Ya bugali. Nilikosa. Ulipika sawasawa. Nimeona kwa macho yangu bibi mmoja huko Italia kwenyewe akipika kama ulivyopika."

Akacheka, lakini si kwa furaha. "Kwa hiyo mpaka bibi mzungu akuonyeshe, ndo unajua bugali yangu ilikuwa nzuri?"

Nimepigwa na mvuke wa tanuri, nimekatwa na visu, sijawahi kupata pigo kama lile. Nilikuwa nimejitayarisha kuomba radhi kwa kutojua. Nikaona kwamba nikiliacha hilo lisimame, nitakuwa nimemtupia ugali wake mara ya pili.

"Hapana," nikasema. "Nilijua siku ile ile. Nilipouchukua ubao nilichovya kidole, nikaonja. Ulikuwa mtamu kuliko chochote kilichowahi kutoka kwenye jiko letu. Nikaogopa. Niliogopa wateja wataona kwamba Uitalia wote ule ni Waafrika wawili na mwiko. Na niliogopa utanipita."

Mama Divine hakushtuka hata kidogo. Alikuwa anafuta meza.

"Najua," akasema. "Nilikuona ukilamba kidole."

Nilibaki kinywa wazi, vijana wangu, kuliko pale kwenye keki. "Ulijua? Miaka kumi na minne? Na kila Jumapili unanisalimia?"

"Nilikuwa nangoja mwenye kidole aseme." Akaweka kitambaa chini. "Haya. Unga umeleta, jiko lile. Pika."

Nikapika. Mpishi mkuu mwenye miaka ishirini na saba jikoni, nikapika mbele ya mama yule. Unga niliuachia kwa fujo. Machozi yalinizuia kuona sufuria. Ulipotoka ulikuwa umejaa madonge, umelegea upande mmoja. Nikauweka kwenye ubao wake. Yeye akaonja kwa ncha ya kidole, akausogeza ubao karibu na pipa, na mguu wake ukakanyaga pedali. Mfuniko ukafunguka. Nikafumba macho. Nilisema moyoni, ni haki yake.

Nikasikia mfuniko ukifungwa.

"Mie situpi chakula," akasema.

Akauweka mezani, akaleta maharage, akawaita watoto. Mjukuu mkubwa alionja, akalalamika kwa Kiswidi kwamba una madonge. "Kula," bibi yake akamjibu. Na yeye mwenyewe alikula, tonge kwa tonge, hakuacha hata chembe, huku akinitazama. Nami nikala. Ulikuwa mbaya sana.

Nilipokuwa mlangoni nikamuuliza kama amenisamehe. Hakunijibu hilo. Alisema kwamba Jumamosi kuna harusi, watu mia mbili, nije asubuhi na aproni. Moyo wangu ulipaa. Nikaanza kumwambia kwamba nikiwa na sufuria kubwa mbili naweza kuusonga mimi mwenyewe.

"Nani kasema kusonga?" akauliza. "Kuna sinki."

Tangu hapo naosha. Harusi, msiba, ubatizo, mkija ukumbini Hallunda mtamkuta mzee amefunga aproni, mikono imo kwenye sabuni mpaka kwenye viwiko. Wali siupakui tena. Napanga mstari na sahani yangu, nasema kwa sauti, watu wakisikia, kwamba ugali huu ni mtamu, na Mama Divine ananipakulia bila kusema kitu.

Jumamosi iliyopita nilidhani nimemaliza. Nimekausha mikono, nimeshika koti. Akaja na ile sufuria kubwa kuliko zote, akaiinamisha kwenye taa, akapitisha kidole ndani, akakiangalia.

"Baba Neema," akasema, "hii bado ina ukoko. Rudia."

Nikavua koti, nikarudia.